Kiboko wa udongo

Dunga, Kisumu

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Huku sote tu wazima, na natumai mama amepata nafuu ya kile kikohozi. Mpe pole zangu.

Uliniuliza kuhusu kiboko. Ni wa udongo, ametoshea kiganjani, nami na mpwa wangu tunamfundisha kutembea juu ya meza, kwa filamu ya picha moja moja. Simu tumeifunga kwa kamba kwenye mgongo wa kiti isitikisike. Unapiga picha, unasogeza mguu kidogo tu, unapiga nyingine. Sinema hupitisha picha 24 kwa sekunde moja. Sisi tunapiga 12, na bado jioni nzima ilituzalia sekunde sita.

Tulipoitazama filamu yetu, ngozi ya kiboko ilikuwa ikichezacheza kana kwamba siafu wanapita chini yake. Kumbe ni vidole vyetu! Kila tulipomshika tulimwachia alama. Mtoto akanuna, akataka kumfinyanga upya.

Nikamsimulia King Kong, filamu ya mwaka 1933 ya sokwe jitu, ile tuliyobishania kwenye kibanda cha video, wewe ukiapa ni mtu kavaa ngozi. Hakuwa mtu. Sehemu kubwa ya filamu alikuwa mwanasesere wa sentimita 45 hivi, kavikwa manyoya ya sungura, na Willis O'Brien na wenzake wakimsogeza picha baada ya picha. Mtazame vizuri: hata akisimama tuli manyoya yanatikisika, kwa kuwa kila mkono uliomgusa uliyalaza upande mwingine. Mimi naipenda filamu ile kwa ajili ya hayo manyoya. Naiona mikono ya watu waliokwisha kufa, bado iko kazini.

Mtoto alinyamaza, kisha akasema kiboko abaki alivyo.

Sasa anataka kujua kila kitu. Nimemweleza Georges Méliès, mfanya mazingaombwe wa Paris, ambaye mwaka 1896 alimtowesha mwanamke kitini kwa kusimamisha kamera, mama wa watu akaondoka, kamera ikaendelea. Tumelijaribu hilo uani na kuku. Kuku hakukubali kukaa. Na Ray Harryhausen, fundi mwingine wa kusogeza wanasesere, ambaye mapigano ya viunzi saba vya mifupa ya watu katika filamu ya 1963, Jason and the Argonauts, yalimla miezi minne na nusu! Jurassic Park ya 1993 tuliigusa tu, ingawa alishangaa kusikia kwamba dinosauri wa kompyuta wanaonekana kwa dakika sita hivi, waliobaki wakiwa mashine na mpira.

Ukija Agosti kutoka Nakuru, tafadhali beba ile taa yako ya betri. Stima ikipotea katikati ya kazi mwanga hubadilika, na kiboko hugeuka rangi ghafla. Mpwa wangu ameshatenga sahani ya buluu, ndiyo ziwa. Amebakiza hatua nne kufika majini, na ameapa hazipigi mpaka ufike.

Wako wa siku zote.