Malalamiko Kuhusu Redio ya Chaneli Sita Isiyofaa kwa Gari la Ardhini

Meneja wa Mauzo,

YAH: REDIO NILIYOUZIWA KWA AJILI YA GARI LA RIMOTI

Tafadhali rejea somo tajwa hapo juu.

Nilipofika dukani kwenu nilieleza bayana kwamba redio ninayoitaka, yaani rimoti pamoja na risiva yake (kifaa kinachokaa kwenye gari na kupokea mawimbi ya rimoti), ni ya gari la magurudumu manne, lenye kilo 18, ambalo mimi na wanafunzi wangu tumelitengeneza wenyewe kwa mota za waipa na betri ya volti 12. Nilitaja pia kazi ya kila chaneli, yaani kila njia ya kupitishia amri: mwendo, kukata kona, mkono wa kubebea wenye chaneli mbili, kamera, na ya sita kwa ajili ya kukata umeme wa mota ikitokea hatari. Muuzaji wenu alinihakikishia kuwa redio hii inafaa.

Idadi ya chaneli sina ugomvi nayo. Ninacholalamikia ni usalama, kwani redio hii ni ya ndege za rimoti. Kijiti chake cha mwendo hakina springi ya kukirudisha katikati, na mawimbi yakikatika risiva hushusha mpigo wa chaneli hiyo, yaani ishara ya umeme ambayo urefu wake ndio amri, hadi milisekunde 1. Kwenye ndege ya mota ya umeme hapo mota huzima, lakini kwenye gari linalokwenda mbele na nyuma kusimama ni milisekunde 1.5, na milisekunde 1 ni rivasi kwa kasi yote.

Tuliliinua gari juu ya matofali, nikazima rimoti kwa makusudi. Magurudumu yalisita kidogo, kisha yote manne yakaanza kuzunguka kinyumenyume, na hayakusimama mpaka nilipochomoa waya wa betri. Chaneli ya sita haikusaidia chochote, kwa kuwa risiva iliendelea kushikilia amri ya mwisho iliyoipokea. Mpangilio huo umefungwa kiwandani na haubadiliki, jambo ambalo tangazo lenu halikuligusa kabisa. Gari hilo lingekuwa uwanjani, katikati ya watoto, lingewaumiza.

Kwa hiyo naomba mnibadilishie redio hii kwa nyingine ambayo risiva yake inaruhusu kupanga hali ya kila chaneli mawimbi yanapopotea, na ambayo vijiti vyake vyote hurudi katikati. La sivyo, mnirudishie fedha zangu zote. Naomba vilevile tangazo lirekebishwe kabla hamjamuuzia mtu mwingine mwenye gari. Redio na risiva ninavyo katika boksi lake, na risiti nimeiambatanisha. Nategemea majibu yenu ya maandishi ndani ya siku 14.

Wenu,
Mteja
Morogoro