Barua kwa Baba Neema, kabla sijanunua chenso nyingine

Mafinga, Jumamosi usiku

Baba Neema, kamwene!

Habari za siku nyingi? Sisi huku wazima, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali na upeo wa macho yetu, kama tulivyofundishwa kuandika darasa la tano. Najua utasema Makambako si mbali na simu zipo. Kweli zipo. Nimekupigia mara mbili mwezi huu, na mara zote mbili nimeishia kuongelea mvua na bei ya mbolea, nikakata. Kwa simu naona aibu. Kwa kalamu afadhali.

Neno lenyewe ni hili: nataka kununua chenso, msumeno wa injini. Ndiyo, nyingine. Cheka umalize, halafu endelea kusoma.

Lile lingoti (mkaratusi) kubwa la pale kona, ambalo ulisema tangu mwaka juzi kwamba linaegemea vibaya, lilianguka na upepo, likalala katikati ya barabara ya kwenda kwa kina Mbilinyi. Siku tisa, Baba Neema. Siku tisa watu wanaliruka na ndoo kichwani, bodaboda wanapita kwenye mahindi yangu, mwenyekiti wa kitongoji anakuja kila jioni kuniuliza "Mwalimu, tunafanyaje?" Wachana mbao wote walikuwa porini. Aliyepatikana mwishowe alilikata kwa dakika ishirini, akachukua hela ya kuku wawili, na magogo mazuri akayaangalia kwa jicho ambalo silipendi. Nikasema basi. Nina ekari mbili za milingoti, mstari wa misindano (misonobari), miti ya miwati isiyo na idadi, jiko linalokula kuni na shule inayodai mchango wa kuni kila muhula, halafu nasubiri mtu aje anikatie mti wangu?

Sasa unajua mimi si mchana mbao. Wala si yule wa kukata tawi moja la mparachichi kwa mwaka akairudisha mashine stoo. Ni kila Jumamosi kwa muda wa saa mbili au tatu, na kiangazi hata siku mbili kwa wiki. Niko katikati, na huko katikati ndiko kila muuzaji ana lake la kunivuta.

Wa kwanza kuja ni Sanga. Anauza Stihl 381 yake. Anasema nunua kubwa, kubwa ndiyo hudumu, haitumii nguvu zake zote kwa hiyo haichoki. Maneno matamu. Nikaenda kuijaribu. Ile injini yake ni cc 72.2, kilowati 3.9, na kilo 6.6 kabla hujaweka baa (kile chuma kirefu kinachobeba cheni) wala cheni wala mafuta. Baada ya nusu saa Mama Sanga alinipa chai, kikombe kikawa kinagonga sahani chenyewe, ngangangaa, mpaka watoto wakacheka. Halafu nikafanya lile jaribio lako la kupima kama injini bado ina mbano: nikaizima, nikaishika kwa mpini wa kamba, nikaiacha ining'inie. Ya kwako ya zamani ilikuwa inashuka kwa kusitasita, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Hii ilishuka moja kwa moja hadi chini kama ndoo kisimani. Sanga anasema ni kwa sababu ilikuwa ya moto. Nilinyamaza kwa heshima ya chai.

Dukani Iringa kwa wakala nimeshika mbili. Stihl MS 250 ni cc 45.4, kilowati 2.3, kilo 4.6, mkononi nyepesi, nikaona hata Mama Eliya angeweza kuishika (nilimwambia hivyo, akaniangalia tu). Na Husqvarna 455, cc 55.5, kilowati 2.6, nzito kidogo, karibu kilo sita. Yule kijana wa dukani ni msemaji. Akaniambia kiwanda cha Husqvarna kule Sweden kilianza mwaka 1689 kwa kutengeneza bunduki, chenso wakaanza 1959. Nikamwuliza, kwa hiyo nikiinunua nipewe na risasi? Hakucheka. Vijana wa siku hizi.

Ila alinieleza jambo moja likaniingia. Zile za watu wa kazi ya kila siku, mwili wa injini ni magnesiamu, na silinda inafunguka peke yake: fundi anaitoa, anabadilisha pistoni, anarudisha. Hizi za bei ya chini, injini imekaa ndani ya ganda la plastiki, kuifikia pistoni lazima uishushe injini nzima. Kwa hiyo inapokufa, ufundi unakaribia bei ya kununua nyingine. Akanionyesha kwenye katalogi MS 261, cc 50.2 tu lakini kilowati 3.0, mwili wa magnesiamu. Nikauliza bei. Alipotaja nikajifanya simu inaita.

Basi nikarudi na swali lile lile. Nikinunua ya katikati nikaitunza, itadumu? Au nimeshajulikana kwamba mimi ni mtu wa kuua mashine?

Maana hapo ndipo penyewe. Ile ya kwanza.

Wewe nilikwambia ilikuwa feki. Kila mtu nimemwambia ilikuwa feki, na kweli ilinunuliwa kwenye duka moja ambalo lilikuwa na jina kubwa kwenye boksi na jina lingine kabisa kwenye risiti. Cheni yake ilirefuka kila wiki kama mpira wa suruali. Sitetei. Lakini ilikuwa inawaka, ilikuwa inakata, na ilikaa nami miezi kumi na moja. Haikufa kwa ufeki.

Siku moja kabla ya kwenda Pawaga kwa shemeji niliipeleka kwa fundi hapa mjini. Ilikuwa inatoa moshi, inakohoa nikiibana. Akachukua bisibisi, akageuza kidogo skrubu ya kabureta, ile ya kupunguza mafuta, ikatulia. Mimi nikamwambia aongeze. Akaniangalia. Nikamwambia ongeza tu. Akaikaza mpaka ikawa inalia ile sauti ya juu, nyembamba, na mimi nikafurahi kama mtoto aliyepewa filimbi. Kwenye baridi yetu hii, kwenye hewa hii nyepesi ya mlimani, ilikata lingoti kama muhogo.

Kesho yake tukateremka nayo Pawaga. Joto lile unalijua. Hewa ya kule bondeni ni nzito, na sasa nimeelewa kwamba skrubu iliyowekwa huku juu ikishuka kule inakuwa inaipa injini hewa nyingi na mafuta kidogo, na kwenye hizi mashine mafuta ndiyo yanayobeba oili. Juu ya hapo, shemeji alitaka tumkatie migunga mikavu ya ukingo wa shamba. Mgunga mkavu, Baba Neema! Cheni ilishakuwa butu saa ya kwanza, badala ya kutoa vipande ikawa inatoa vumbi kama unga wa dona. Sikupiga tupa. Tupa niliisahau nyumbani. Nikawa naikandamiza kwa kifua.

Eliya ndiye alikuwa anachanganya petroli. Karatasi ya ile mashine ilisema moja kwa ishirini na tano, naye alikuwa anapima kwa sindano ya dawa ya ng'ombe, ile ya mililita 20: sindano mbili kwa lita moja. Nilimfundisha mimi mwenyewe. Tukamaliza tangi la kwanza, la pili, na la tatu lilipofika nusu ikalia "kwiii," ikanyamaza. Nikavuta kamba. Haikuja. Imeng'ang'ania.

Na mimi, mbele ya shemeji, mbele ya wale vijana wote waliokuja kutazama, nikamgeukia mtoto: "Umeweka petroli tupu." Akasema, "Baba, nimeweka sindano mbili." Nikamwambia anyamaze.

Amenyamaza kweli. Tangu Agosti ile hashiki jembe bila kutumwa, haulizi kitu, shikamoo na marahaba basi. Mama yake anasema ni umri. Ana miaka kumi na saba, inaweza kuwa umri.

Mwezi uliopita, kabla ya kuanza kutafuta mpya, nikaifungua ile maiti. Nikatoa ekzosi nikamulika na tochi ya simu, baadaye nikaishusha injini yote (kazi ya muda wa saa nne, na skrubu mbili zimebaki sijui za wapi). Pistoni imechubuka upande wa ekzosi tu. Mistari mirefu, ya kung'aa, kama paka amekwaruza sufuria. Ukiigeuza upande wa pili ni safi kabisa, unaona hata alama za kiwandani. Plagi nayo ncha yake nyeupe kama jivu la mwati. Nikampelekea yule kijana wa Mwakalinga anayesoma ufundi VETA. Akasema mashine ingekuwa imekosa oili kabisa, mikwaruzo ingezunguka pande zote, tena isingefika tangi la pili. Hii, akasema, inaonekana ilikuwa inaungua kwa kukosa mafuta ya kutosha. Nani aliikaza kabureta? Nikamwambia asante, nikarudi nyumbani.

Lakini huyu ni mwanafunzi, anaweza kukosea. Wewe umeshika hizi mashine miaka mingapi kule msituni? Ndiyo maana nakuandikia.

Ngoja nirudi kwenye kununua, maana Mama Eliya amepita hapa mara ya tatu kuuliza taa inazimwa saa ngapi. Yeye ana sharti lake. Hataki chenso iingie nyumbani kabla ya kofia ngumu yenye wavu, vizibo vya masikio, na ile suruali yenye nyuzi ndani zinazojisokota kwenye cheni na kuisimamisha. Tangu yaliyompata yule wa Igowole hataki kusikia mambo ya gambuti na kaptura. Nimehesabu, vifaa vyenyewe vinakula karibu bei ya ile feki nzima. Nimekubali. Sina hoja. Nilipomweleza kwamba hizi za kisasa zina breki ya cheni, ikikurukia kwa nyuma mkono unagonga kile kikinga cha mbele na cheni inasimama, alisema, "Basi yenye breki, na suruali."

Mawazo yangu kwa sasa, nayo yanabadilika kila nikilala: ile ya cc 45 au ya 55, baa ya inchi 16, isizidi 18, maana milingoti yangu mingi haifiki unene huo. Oili halali ya mchanganyiko, moja kwa hamsini, mililita 20 kwa lita, sindano moja tu. Petroli ichanganywe ya wiki hiyo, si ya mwezi jana. Na cheni niipe oili yake, si ile nyeusi ya kumwaga kutoka pikipiki ya Mbilinyi. Ndiyo, nilikuwa natumia hiyo. Usinisemee kwa mtu.

Sasa nijibu haya, hata kwa ujumbe wa simu. Ungekuwa wewe, kati ya 250 na 455 ungebeba ipi kwa kazi ya Jumamosi? Spea za ipi unaziona zaidi huko Makambako, cheni, sproketi, filta? Cheni ya saizi ya .325 nasikia tupa yake ni milimita 4.8, ni kweli, au ndiyo yale yale ya kuuziwa tupa ya panga? Ile plastiki ya ndani inaogopesha kiasi hicho, au kijana wa dukani alikuwa ananisukuma kwenye bei kubwa? Kwa Sanga nisemeje bila kuvunja urafiki? Kule ofisi ya misitu, chenso ya mtu binafsi unaisajili na karatasi gani? Ile ya kwanza sikuisajili, nisianze na ya pili kwa makosa. Na Neema amefaulu? Mguu wa mama unaendeleaje? Unaweza kupata Jumamosi moja twende wote Iringa? Nauli na nyama choma juu yangu. Nataka uikague wewe kabla sijatoa hela, uangalie namba iliyogongwa kwenye mwili wake, uivute kamba, uisikilize. Mimi nitasimama pembeni kama bwana harusi.

Na lile la pistoni. Nataka neno lako, si la kunifurahisha. Kama ni petroli tupu, sema. Kama ni skrubu, sema hivyo hivyo, na mimi najua pa kwenda.

Eliya anarudi shule Jumatatu, basi lake linasimama hapo stendi ya Makambako. Nimemkabidhi barua hii, na pistoni nimeifunga kwenye gazeti ndani ya mfuko wa sukari, nimemwambia ni spea ya pikipiki yako. Mpe soda, mwulize habari za masomo, anapenda kuongea nawe. Mfuko usiufungue mbele yake.

Ni mimi,
Mwalimu