Mdahalo wa Jumamosi: bangi na sheria
Wanakikundi, habari za jioni. Jumamosi saa kumi alasiri, ukumbi ule ule. Jamani, kuhalalisha ni jambo moja, kuacha kumfunga mtumiaji ni jingine. Ureno tangu 2001 haijahalalisha dawa za kulevya kwa starehe: ukikutwa nazo zisizozidi matumizi yako ya siku 10, unapelekwa mbele ya kamati badala ya hakimu. Muuzaji bado anafungwa. Ila watetezi msishangilie mapema. Oregon, Marekani, walipiga kura 2020 kufuata njia hiyo, na 2024 bunge la jimbo likarudisha adhabu. Vichekesho vya Wajackoyah, mgombea urais wa Kenya aliyeahidi kuhalalisha bangi, na kampeni yake ya 2022 ruksa, dakika mbili tu! Upande wa kupinga bado hauna msemaji. Mwalimu, tunakutazama wewe.