Msiharakishe kuweka samaki kwenye tangi la matumbawe

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Wengi tunaoanza kufuga matumbawe nyumbani tunakimbilia samaki siku ya kwanza, mi nilifanya hivyo wakafa wote ndani ya wiki, iliniuma sana. Jamani tangi likae na maji na mawe tu kama wiki 4 hadi 6, bakteria wazaliane waigeuze amonia, ile sumu ya uchafu inayoua samaki, iwe naitraiti, nayo bado ni sumu, halafu naitreti isiyo na makali hayo, ndo uweke kiumbe. Joto nyuzi 25 au 26 hivi, na maji yakipungua ongeza yaliyochujwa yasiyo na chumvi, maana chumvi haipai na mvuke, inabaki tangini. Halafu msiende kubandua matumbawe visiwani Mbudya wala Bongoyo, kule ni hifadhi, na tumbawe likivunjwa linachukua miaka kurudi.

Msomaji wenu, Dar es Salaam