Saidia fundi mgeni asianzie kwenye zege

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme jambo kuhusu vijana wanaoingia kwenye kazi ya saidia fundi. Malalamiko ni yaleyale kila saiti: kijana kaletwa Jumatatu, Jumatano haonekani, na simu hapokei. Uamuzi unatolewa hapohapo kwamba vijana wa siku hizi ni wavivu. Mimi sikubaliani nao. Wengi wanaangushwa na miili yao, na miili hiyo inafanya kile ambacho mwili wowote usiozoea ungefanya. Maumivu ya wiki ya kwanza yanajulikana yanaanza lini, yanakolea lini na yanakwisha lini. Kwa hiyo nyapara ana uwezo wa kuyapangia ratiba, ila hatufanyi hivyo.

Misuli isiyozoea kazi nzito hupata michubuko midogo sana ndani ya nyuzi zake. Maumivu yake hayaji palepale. Huanza saa 12 hadi 24 baada ya kazi, hukolea siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua, na kwa kawaida ndani ya wiki moja yamekwisha. Ndiyo maana Jumatatu kijana anacheka na wenzake, Jumanne analalamika, Jumatano anashindwa hata kuinua mkono avue fulana. Nyapara asiyejua hili anamwona Jumatatu yuko vizuri, Jumanne anamwongezea mzigo. Wapo wanaosema ni asidi imeganda kwenye misuli. Asidi hiyo huondoka muda mfupi tu baada ya mtu kupumzika, haiwezi kuwa ndiyo inayouma siku mbili baadaye.

Sasa lipo jambo la kutia moyo. Misuli ikishapitia kazi fulani mara moja, ikirudia kazi ileile huuma kidogo kuliko mara ya kwanza, na kinga hiyo hukaa kwa wiki kadhaa. Maana yake, dawa ya kweli ya maumivu haya ni kazi yenyewe ikitolewa kwa kipimo kidogo kabla ya kipimo kikubwa. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inashauri hivi kwa mtu mpya kwenye kazi za joto kali: siku ya kwanza asipewe zaidi ya asilimia 20 ya kazi ya kawaida, na kila siku inayofuata isiongezwe zaidi ya asilimia 20. Ukihesabu, siku ya tano ndipo anapobeba kazi nzima. Mwili wenyewe huchukua siku 7 hadi 14 kuzoea joto, na Dar es Salaam kati ya Desemba na Machi hilo si jambo la kupuuza.

Najua nitaambiwa hakuna tajiri wa nyumba atakayelipa kutwa nzima kwa asilimia 20 ya kazi. Lakini saiti ina kazi nyepesi nyingi ambazo lazima mtu azifanye: kumwagilia maji ukuta na slabu (sakafu ya zege ya ghorofa), kuchekecha mchanga, kung'oa misumari kwenye mbao, kukata na kusogeza waya wa kufungia nondo, kumshikia fundi kamba. Mgeni apewe hizo siku mbili za kwanza, akichanganya na koleo kwa dakika 90 au 120 kwa jumla, zigawanywe vipande vya dakika 20. Siku ya tatu, ambayo ndiyo mbaya kuliko zote, asilale nyumbani wala asiongezewe. Aje, atembee, afanye kazi nyepesi. Misuli ikipata moto maumivu hupungua, na kulala kutwa nzima humfanya aamke amekakamaa. Kuanzia siku ya nne ndipo aongezewe toroli na ndoo. Tahadhari moja hapa: kupokezana matofali si kazi nyepesi, japo wengi tunamwekea mgeni. Tofali la saruji la inchi 6 lisilo na matundu huweza kufika kilo 30.

Yapo mambo mawili tunayoyafanya kila siku ambayo yanamuumiza mgeni kuliko mengine yote.

La kwanza ni kumshushisha vitu. Misuli huchubuka zaidi inaposhusha mzigo kuliko inapoupandisha, kwa sababu inafanya kazi huku inavutwa kurefuka. Mgeni anayeshusha kifusi kutoka ghorofa ya pili kutwa nzima hatasikia taabu kubwa siku hiyo, kwani mapafu hayahemi sana. Kesho yake mapaja yatakuwa hayakunji, na ngazi ataishuka kinyumenyume. Kifusi kitengenezewe njia ya kuteleza kwa mbao au mapipa yaliyounganishwa. Ikishindikana, apewe mzoefu.

La pili ni kumwita mgeni siku ya slabu. Hapa nataka wasomaji tufanye hesabu pamoja. Slabu ya mita za mraba 60 yenye unene wa sentimita 15 ni mita za ujazo 9 za zege. Mita moja ya ujazo ina uzito wa takriban kilo 2,400, kwa hiyo kuna tani 21 na ushee za kupandisha juu. Karai likichotwa lita 8 lina kilo 19 za zege, bila kuhesabu karai lenyewe, na makarai yanayotakiwa ni 1,125. Kama watu wamepangwa mstari mmoja wa kupokezana, kila aliye kwenye mstari anayagusa yote 1,125. Kuongeza watu kwenye mstari kunapunguza hatua tu, mzigo unaopita mikononi mwa kila mmoja unabaki tani 21. Kinachopunguza mzigo ni kuweka mistari miwili, kila mtu akagusa nusu. Na kazi hii haina kusubiri, maana zege likichanganywa linaanza kushika, na likikatishwa katikati linaacha ungio dhaifu. Mashine ya kuchanganyia ndiyo inayoamua mwendo, si pumzi ya mtu.

Tazama pia jinsi watu wanavyosimama kwenye mstari huo. Miguu imeganda chini, kiuno kinazungushwa kushoto kupokea na kulia kutoa, mara elfu na zaidi. Mgongo wa chini hauvumilii kupindwa huku umebeba. Anayepokea asimame akimtazama anayempa, kisha ageuze miguu yake, hatua moja ndogo, ndipo atoe. Kila baada ya dakika 30 watu wabadilishane upande, aliyekuwa anageukia kulia sasa ageukie kushoto. Mgeni akilazimika kuwepo siku hiyo, awe anarudisha makarai matupu chini au anajaza maji kwenye pipa la mashine.

Ndoo nazo zina mtego wake. Ndoo ya lita 20 ikijazwa zege hadi juu ina kilo 48, karibu sawa na mfuko mzima wa saruji. Wengi wanaikadiria kwa macho kama vile ni ndoo ya maji. Ichorwe mstari wa rangi katikati, mwisho wa kujaza uwe hapo.

Mfuko wa saruji wa kilo 50 ni suala la kitaifa kuliko la saiti moja. Pendekezo namba 128 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1967, linataka mzigo wa mwanamume mtu mzima usizidi kilo 55, na mkataba ulioambatana nalo unataka mwanamke abebe mzigo mwepesi zaidi kwa kiasi kikubwa. Mfuko wetu unapenya hapo kwa kilo 5 tu, na akina mama wanaoubeba tunawaona. Wakati tunasubiri viwanda vifikirie mfuko wa kilo 25, mifuko isipangwe chini sakafuni. Ipangwe juu ya mbao na matofali ifike usawa wa paja, watu wawili wamtwike mbebaji begani, na bega libadilishwe kila safari. Kinachovunja mgongo zaidi ni kuunyanyua mfuko kutoka ardhini, kuliko kutembea nao.

Toroli lipakiwe mzigo upande wa tairi, si upande wa mikono, na tairi liwe limejaa upepo. Toroli la tairi laini likisukumwa juu ya mchanga humchosha kijana ndani ya saa moja. Mbao mbili za inchi 8 zikitandikwa njiani tatizo hilo linakwisha. Kwenye koleo, mkono wa mbele ukae karibu na bati, magoti yakunjwe, na asichote hadi likamwagika. Lengelenge la mkononi lisichunwe ngozi: lioshwe kwa sabuni, lifungwe kitambaa safi. Zege bichi likiingia kwenye kidonda au ndani ya buti huunguza ngozi polepole bila mtu kujua, lioshwe mara moja kwa maji mengi.

Uchovu ni habari nyingine, na mara nyingi sababu yake ni maji na chakula. Kwenye jua mtu anywe kikombe cha robo lita kila dakika 20, yaani robo tatu ya lita kwa saa, asisubiri kiu. Asizidishe lita moja na nusu kwa saa, kwani maji mengi mno bila chumvi nayo ni hatari. Kwa anayetokwa jasho jingi, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, vinatosha kurudisha kilichopotea. Vinywaji vya kuongeza nguvu vinaficha uchovu tu, na usiku vinamnyima usingizi ambao ndio unaotengeneza misuli. Chai ya rangi na chapati moja saa moja asubuhi haimfikishi mtu saa saba mchana. Kwa mama lishe aongeze maharage, dagaa au yai, na saa nne apate uji au mihogo na karanga.

Kuhusu dawa nitakuwa mkali kidogo. Kukandwa kwa maji ya uvuguvugu kunaleta nafuu, fanya. Parasetamoli ya miligramu 500, vidonge viwili kwa wakati, kwa pengo la saa 6, visizidi 8 kwa siku nzima, inafaa jioni ili mtu alale. Lakini huu mtindo wa kumeza diklofenaki asubuhi tumbo tupu ili uwahi kazini uachwe. Dawa hiyo huchubua tumbo, na kwa mtu aliyepungukiwa maji huweza kuharibu figo. Tena inaziba maumivu ambayo yangemwambia aache. Tramadoli bila cheti cha daktari isiguswe kabisa, hasa na mtu anayepanda jukwaa.

Maumivu ya kuzoea kazi huwa pande zote mbili za mwili, yako kwenye nyama, na hupungua mtu akichangamka. Maumivu yaliyokuja ghafla kwa mlio au mshtuko, yaliyo sehemu moja au ndani ya kiungo, au yanayoshuka mguuni na kuleta ganzi, hayo ni jeraha, na kazi isimame. Akishindwa kuzuia haja ndogo baada ya kuumia mgongo, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Vivyo hivyo akiona mkojo wa rangi ya chai ya rangi huku misuli imevimba na haina nguvu: misuli inavunjika na kuziba figo. Aliyechanganyikiwa kwa joto amwagiwe maji mwili mzima, apepewe, akimbizwe kwa daktari. Mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, asipewe kazi hizi bila ushauri wa daktari, na nyapara aulize hilo faragha kabla ya kumpa koleo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5 apewe mapumziko ya angalau dakika 60. Kwenye saiti nyingi yanakuwa dakika 20 za kula umesimama. Na kutwa ya mgeni ilipwe kamili hata siku ya kazi nyepesi. Anayekatwa nusu atadanganya kwamba haumwi, atabeba mfuko, na Jumatano utaanza upya na mgeni mwingine ambaye naye ana siku yake ya tatu mbele. Anayejua slabu yake inamwagwa Jumamosi, amwite kijana Jumatatu, si Ijumaa jioni.

Msimamizi wa ujenzi,
Dar es Salaam