Kwako wewe uliyekata jina lako kwa biro yangu

Sheikh wangu,

Harusi ya binti nimeisikia kwa spika, si kwa kadi. Nilikuwa barazani, ngoma zanijia mpaka mlangoni, nikamwambia mke wangu lete chai, akanitizama tu asiseme kitu. Mungu awape kheri, nasema kwa moyo mmoja, yule mtoto nimembeba mgongoni mimi ile mvua ya Mei maji yako magotini, wewe wajua. Lakini hata sahani ya pilau, yakhe?

Kijana wako kaja kwangu wiki jana. Usimgombeze, kaja mwenyewe. Ataka kujua ombi la umma laandikwa vipi, wana shida yao ya taa za barabarani. Nikafurahi nikamsomesha masaa mawili. Nikamwambia kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 champa mtu yeyote haki ya kupeleka ombi bunge la kaunti, si lazima uwe mkubwa wala uwe na wakili. Nikamwambia na kosa letu sisi, kwenda na makaratasi ya kuomba mtaro mwezi wa Mei wakati makadirio ya bajeti hutakiwa yawe yashafika bungeni tarehe 30 Aprili, na hata hapo sio mwanzo, mwanzo ni ule mpango wa maendeleo wa mwaka ambao mwisho wa kuufikisha bungeni ni 1 Septemba ya mwaka wa nyuma, kwa hivyo watu wakianza kulia mafuriko washachelewa zamani, mtaro huombwa jua likiwaka. Hiyo ndio siasa yote niijuayo baada ya miaka ya viti vya plastiki na kungojea soda.

Kisha akaniuliza, ami, zile sahihi zenu mulizipata vipi? Nikanyamaza.

Ile jioni baada ya Isha, karatasi ziko juu ya jamvi, ukaja na shati la kazini, wiki tatu tu una kibarua kwa yule tajiri ambaye ukuta wake ndio ulioziba njia ya maji. Ukaniomba karatasi. Mimi nikadhani wataka kuongeza jina la mamako. Ukachukua biro yangu, biro yangu mimi, ukakata mstari wa 14, jina, namba ya kitambulisho, sahihi, ukakandamiza mpaka karatasi ikatoboka. Hakuna aliyenena. Kisha kinyozi wa mstari wa 15 naye akaomba biro. Watu sita walikata usiku ule, na wewe ushatoka, viatu hata hukuvaa, umevishika mkononi.

Wangojea niombe msamaha kwa ile kopi. Ndio, nilikuwa nimetoa kopi siku moja kabla, na ndiyo niliyoipeleka, na jina lako likafika mpaka kwa tajiri wako. Lakini sahihi ulitia kwa mkono wako, nani alikushika? Ningefanya nini, nipeleke karatasi yenye matundu waseme wenyewe hawataki? Mtaro ukaingia mpango wa mwaka uliofuata, leo wapita mbele ya mlango wako, na wageni wako wa juzi wameingia na viatu vikavu.

Mbele ya kamati niliulizwa, hawa wote bado wanaliunga mkono hili? Nikasema wote. Hilo sijamwambia mtu, hata mke wangu, na sasa nalisoma hapa nilivyoliandika na naona watu watalisoma pia, basi na wasome.

Kijana nimemwambia sahihi tulizikusanya siku moja, kila mtu alikuwa na hamu. Ukitaka kumwambia mengine mwambie, ila mwambie na maji yalikuwa yamefika wapi. Jumamosi aja kuchukua mfano wa ombi. Kama kuna pilau lililobaki mpe alete, nitamrudishia sahani.