Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayeandika tasnifu: hao 366 ni akina nani?

Mdogo wangu,

Sura yako ya tatu nimeisoma. Umetumia kanuni ya Yamane, ile ya kukokotoa uhoji watu wangapi kwa niaba ya wote, kama wanavyofanya wengi: waendesha bodaboda 4,200 wa wilaya, kosa la asilimia 5 (jibu liweze kupotoka kiasi hicho juu au chini), sampuli, yaani watakaohojiwa, 366. Hesabu iko sawa. Ila aya inayofuata, ambako ungeeleza utawapataje, ina sentensi moja tu: "Watafitiwa watachaguliwa kwa nasibu vijiweni." Naandika kwa sababu ya sentensi hiyo, tena hadharani, maana si wewe peke yako.

Chukua kanuni yako hiyo hiyo, badala ya 4,200 weka Watanzania wote 61,741,120 wa sensa ya 2022. Utapata 400. Hujakosea. Watu wakishakuwa wengi, wingi wao hauna tena uzito. Kinachoamua ni kosa unaloweza kulivumilia. Ukitaka kosa lipungue nusu, sampuli iongezeke mara nne, na ndipo nauli ya utafiti inapoisha.

Tena hiyo asilimia 5 ni ya swali la ndiyo au hapana likiulizwa kwa sampuli nzima. Umeandika kwamba utalinganisha wanawake na wanaume. Ukipata wanawake 40 kati ya hao 366, kosa kwa upande wao linapanda hadi karibu asilimia 16. Msimamizi makini atakubana hapo.

Lakini yote haya yanasimama tu kama kila mmoja wa wale 4,200 alikuwa na nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa. Sasa fikiria kijiwe saa nne asubuhi. Nani yupo? Asiye na abiria. Mwenye wateja wa kudumu, anayepeleka watoto shule na akina mama sokoni, yuko barabarani. Wa usiku amelala. Nawe unapima kipato! Utaondoka na kipato cha wale waliokuwa wamekaa. Kumhoji yeyote uliyemkuta ni sampuli ya urahisi. Si dhambi, ila iandike hivyo.

Na usifikiri wingi utakuokoa. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma kadi kama milioni 10 kuuliza nani atakuwa rais, zikarudi zaidi ya milioni 2. Likatangaza Landon, mpinzani wa Rais Roosevelt, atashinda. Roosevelt alichukua majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalitoka kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, katikati ya mdororo wa uchumi, na waliojitahidi kurudisha kadi hawakufanana na walionyamaza. Mpima maoni George Gallup, kwa sampuli ndogo mno ukilinganisha na hiyo, alimtaja mshindi.

Kwa hiyo anza na orodha. Hiyo 4,200 umeitoa mahali. Nenda huko huko uombe majina, uyape namba, kisha kompyuta ichague. Aliyechaguliwa mtafute kwa simu, hata kama ni saa tatu usiku baada ya kupeleka hesabu kwa bosi. Usimbadilishe na jirani yake kwa sababu tu jirani yupo.

Kwenye kipato, wastani usiuache peke yake. Watano wakipata 12,000, 13,000, 14,000, 15,000 na 96,000 kwa siku, wastani ni 30,000, kiasi ambacho hakuna hata mmoja wao anayekikaribia. Wa katikati anapata 14,000. Andika zote mbili.

Thamani ya p nayo, ile namba utakayoitoa ukilinganisha makundi, kwa kifupi: 0.03 haisemi kwamba una uhakika wa asilimia 97. Inasema kama kusingekuwa na tofauti yoyote, tofauti kubwa kama uliyoiona au zaidi ingejitokeza kwa bahati mara 3 katika 100. Na SPSS, programu ya takwimu, itakupa namba hiyo kwa utulivu ule ule hata kama data yote ni ya kijiwe kimoja.

Msimamizi akiuliza kwa nini wamepatikana 290 badala ya 366, mweleze wangapi walikataa, wangapi hawakupatikana, na walikuwa wa vijiwe gani. Jedwali la hao 76 lianzie sura ya nne, kabla ya matokeo.

Kakako